Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya umeme: mita moja si familia moja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Mkurugenzi Mkuu wa EWURA na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO,

Mimi ni fundi umeme wa mtaani hapa Temeke, Dar es Salaam, na pia ni mpangaji. Kazi yangu ni kufunga nyaya, kubadilisha soketi zilizoungua, na kuitwa kila watu wanapolalamika kwamba umeme wao unaisha upesi. Nawaandikia kuhusu jambo moja ninalokutana nalo karibu kila nyumba ya kupanga ninayoingia: bei nafuu ya umeme mliyomwekea mtu wa kipato cha chini haimfikii mpangaji. Haimfikii kwa sababu hesabu yenu inaanzia kwenye mita, na mpangaji wa chumba kimoja hana mita.

Bei yenyewe ni jambo jema, na naomba isiguswe. Kwa agizo la EWURA, mdhibiti wa bei za nishati, lililoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi (uniti moja ni kilowati-saa moja) yuko kundi la D1 na analipa shilingi 100 kwa uniti. Akivuka 75 ndani ya mwezi, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Mwenye wastani mkubwa kuliko huo yuko T1, na huyo analipa shilingi 292 kwa kila uniti, kuanzia ya kwanza. Hapo bado VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA hazijaongezwa. Hesabu zote nitakazoziandika humu ni kabla ya makato hayo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili mnaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, uani choo, bafu na mahali pa kupikia. Mbagala, Tandika, Buguruni, Manzese, Tandale, mitaa imejaa nyumba hizo. Kila chumba kina watu wake. Huku mama ntilie na watoto wawili, kule kijana wa bodaboda, mlinzi wa zamu ya usiku, mwalimu anayeanza kazi, binti wa saluni, mzee mstaafu na mkewe. Sufuria zao ni tofauti, kodi wanalipa kila mmoja kwa wakati wake, na shida za mmoja si za mwingine. Kinachowaunganisha ni mita moja ukutani.

Chumba cha namna hiyo kinakula umeme kiasi gani? Taa mbili za LED za wati 9 zikiwaka saa tano kila usiku hazifiki uniti 3 kwa mwezi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi (na kuanzia Desemba hadi Machi hakuna anayelala Dar es Salaam bila feni) inakula uniti 18. Televisheni ya wati 40 kwa saa tano ni uniti 6. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa kila wiki ni kama uniti 2. Kuchaji simu hakumalizi uniti moja. Jumla yake ni uniti 30, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Mtu huyu angekuwa na mita yake angelipa shilingi 3,000 kwa mwezi. Huyu hasa ndiye aliyekusudiwa na D1. Matumizi yake hayafiki hata nusu ya kikomo.

Lakini vyumba sita vya uniti 30 ni uniti 180, na mita inaposoma 180, mfumo unaona mteja mmoja mwenye matumizi makubwa. Nyumba inakaa T1. Uniti 180 kwa shilingi 292 ni shilingi 52,560, yaani kila chumba shilingi 8,760. Karibu mara tatu ya ile 3,000. Na hata mita hiyo ingeachwa D1, uniti 75 za kwanza zingekuwa shilingi 7,500 na zile 105 zinazobaki zingelipiwa kwa 350. Jumla shilingi 44,250, kila chumba 7,375. Kwa vyovyote vile, mtu wa uniti 30 anatozwa kama mtu wa uniti 180.

Tumlinganishe na mwenye uwezo aliyejenga nyumba ya pili Goba au Kigamboni na anakwenda kulala huko mwisho wa wiki tu. Mita yake ikisoma uniti 40 kwa mwezi, anastahili shilingi 100 kwa uniti. Simwonei kijicho, kwa kuwa kanuni ndivyo ilivyoandikwa. Ila fedha hizi za unafuu zina mtu ziliyemlenga, na kwa kanuni hii zinampita mlangoni na kwenda kwa mwingine.

Upo na mpaka wenyewe wa 75. Familia yenye mita yake ikikaa kwenye wastani wa uniti 74 inalipa shilingi 7,400. Ikizoea uniti 80 na kuhamishiwa T1, inalipa shilingi 23,360. Uniti sita zimezaa ongezeko la shilingi 15,960. Ninao wateja wanaozima friji usiku na chakula kikaharibika, wakiuogopa mpaka huo. Na ninao waliokwisha kuuvuka, wakakata tamaa ya kurudi, na sasa wanatumia tu.

Mnatuhimiza tupunguze matumizi. Mimi ni wa kwanza kuwaunga mkono, maana ndiyo ninayowaambia watu kila siku. Balbu mbili za zamani za wati 60 kwa saa zilezile tano zinakula uniti 18 kwa mwezi. Ukiziondoa ukaweka LED umeokoa uniti 15 kila mwezi kwa kazi ya siku moja. Kusanya nguo upige pasi mara moja kwa wiki, usiwashe pasi kila asubuhi kwa shati moja. Friji isibanwe ukutani, iache ipumue nyuma, na raba ya mlango ikilegea ibadilishwe. Jagi la umeme lichemshe kikombe unachohitaji, lisijazwe. Wenye mita zao wakifuata haya wanaona tofauti mwezi uleule, na hunipigia simu kunishukuru.

Katika nyumba ya mita moja mambo hayaendi hivyo. Mpangaji atoe pesa zake anunue LED, aokoe uniti 15, kwa bei ya T1 hiyo ni shilingi 4,380 kwa mwezi. Nyingi tu kwa mtu wa chumba kimoja. Lakini pesa hiyo inagawanywa kwa sita, na fungu lake ni shilingi 730, tena kama wenzake hawakuongeza matumizi katikati. Atanunua balbu ya nini? Na yule anayechemsha maji ya kuoga kwa hita ya kuchovya kwenye ndoo analipa sehemu ya sita tu ya anachotumia. Kwa mpango huu mwenye kubana anaumia, na mwenye kufuja anafujia wengine.

Kila nyumba imejitafutia namna yake ya kuchanga. Zipo zinazochanga sawa kwa sawa. Zipo zinazotoza kwa kifaa: mwenye friji kiasi hiki, mwenye televisheni kiasi kile, mwenye taa tupu kidogo. Namna hii ya pili inaonekana ya haki, lakini ukishalipia televisheni kwa mwezi mzima hakuna kinachokufanya uizime, kwa hiyo utaikuta ikiongea peke yake chumbani mwenyewe yuko uani anafua. Umeme ukikata usiku kwa kuisha, ugomvi unaanza. Nani alipiga pasi? Nani ana jiko la koili amelificha? Watu wanachunguliana madirishani. Nimeshaitwa kama fundi nikakuta kazi ninayotakiwa kufanya ni kusuluhisha.

Nilimkuta bibi mmoja Tandika ana taa moja na redio. Hata simu anachajiwa na mjukuu. Anachanga sawa na chumba chenye friji la soda za biashara, kwa sababu alipouliza aliambiwa kama hataki ahame. Nilimpigia hesabu ya anachotumia, nikaikunja ile karatasi nikairudisha mfukoni, maana kumwonyesha kungemwongezea uchungu bila kumpa dawa. Dawa mnayo ninyi.

Naliunganisha hili na suala la kupikia, ambalo serikali imelipa uzito mkubwa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Majiko ya umeme ya presha yapo madukani. Sufuria ya maharage ndani ya jiko hilo inaiva kwa chini ya uniti moja. Kwa bei ya D1 hiyo haifiki shilingi 100, na hakuna mkaa wa pesa hiyo utakaoivisha maharage. Lakini nenda nyumba za kupanga useme unataka kuleta jiko la umeme. Mwenye nyumba atakwambia marufuku, na wapangaji wenzako watakuwa upande wake, kwa sababu kila uniti utakayopikia wewe wanailipa wao. Kwa hiyo kopo la mkaa linaendelea kununuliwa, moshi unaendelea uani, na misitu ya Pwani na Morogoro inaendelea kuingia mjini kwenye magunia. Mtafikisha vipi asilimia 80 bila wapangaji wa mijini?

Na umeme wenyewe sasa tunao. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Kidatu, ambalo limetubeba tangu miaka ya 1970, ni megawati 204. Tulivumilia mgawo, tulinunua mishumaa, tukaambiwa Rufiji likikamilika mambo yatabadilika. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024 na mimi nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Furaha hiyo naomba ifike mpaka chumba cha tatu upande wa kushoto.

Nije kwenye maombi.

La kwanza na kubwa: kikomo cha uniti 75 kihesabiwe kwa kaya, si kwa mita. Nyumba yenye kaya sita zilizothibitishwa iwe na kikomo cha uniti 450 kwa bei ya D1 kwenye mita ileile. Kwa mfumo wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hilo ni suala la kubadilisha tarakimu katika akaunti ya mita. Hakuna nguzo inayosimikwa wala waya unaovutwa. Kuthibitisha kaya kunawezekana. Mjumbe wa shina anawajua watu wake kwa majina, ofisi ya serikali ya mtaa ina daftari la wakazi, na watu wazima wengi wana namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa. Namba moja ya NIDA isihesabiwe kwenye mita mbili, na mita ihakikiwe upya kila mwaka. Wapo watakaodanganya, najua. Lakini hata leo kuna wanaodanganya kwa kuchezea mita, na hamjasimamisha huduma kwa sababu yao.

La pili linahusu wale wanaotaka mita zao wenyewe. Bei ya kuunganisha umeme mjini, kwa mteja wa njia moja (single phase) aliye ndani ya umbali wa mita 30, ilitangazwa Januari 2022 kuwa shilingi 320,960. Bei hiyo ina mantiki kwa nyumba inayoanza, yenye kuhitaji waya kutoka kwenye nguzo. Kwa chumba ndani ya nyumba ambayo waya umeshafika, kazi iliyobaki ni mita na ufungaji wake. Na mpangaji hawezi kuzika pesa hiyo katika ukuta usio wake, ambao anaweza kuambiwa auache mwakani. Tunaomba bei ya mita ya ziada kwenye nyumba iliyokwisha kuunganishwa, iliyo ndogo, na ilipwe kidogo kidogo kila mtu anaponunua umeme. Mita ibaki mali ya TANESCO na ya chumba hicho, mpangaji akihama anayeingia aendelee nayo.

Hapa niseme neno kuhusu mita ndogo zinazouzwa madukani, ambazo sisi mafundi tunaombwa kuzifunga kwenye kila chumba. Nimezifunga nyingi. Zinapunguza ugomvi kwa sababu kila mtu anaona anachotumia, na nimeshuhudia matumizi ya nyumba nzima yakishuka watu walipoanza kuona namba zao. Kwa hiyo sizipingi. Ila haziwatoi watu T1, na zimefungua mlango mwingine: wapo wenye nyumba wanaouza uniti kwa wapangaji kwa bei wanayojipangia, juu kuliko waliyonunulia. EWURA, hili liko kwenye kazi yenu. Toeni mwongozo wa wazi kwamba mwenye nyumba hauzi umeme kwa faida, bei ya uniti ibandikwe ukutani karibu na mita, na mpangaji ajue pa kulalamikia pasipo kuogopa kutupiwa vyombo nje.

Kuhusu kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, nitasema kwa kifupi kwa kuwa najua inasimamiwa na wizara nyingine. Mwenye kudaiwa kodi hiyo kisheria ni mmiliki. Anayekatwa ni aliyenunua umeme, yaani mpangaji. Tuliambiwa turudishiwe kwenye kodi ya pango, na kwa walio wengi hilo halifanyiki, kwa sababu mpangaji akidai 1,500 anaonekana mkorofi. Kaeni na wenzenu wa Fedha mlitazame. Angalau risiti ya LUKU iandike kwa maneno yanayosomeka kwamba makato hayo ni deni la mwenye nyumba.

Jambo la friji nalo halikwepeki. Katika ile hesabu ya uniti 30, friji ndogo nzima inaongeza kama uniti moja kwa siku, jumla uniti 60. Familia bado iko salama chini ya 75. Friji la mtumba lenye raba iliyochoka na gesi iliyopungua linafika uniti mbili kwa siku. Hapo zimekuwa 90, na mtu ameshavuka. Anayeuziwa friji hilo hana namna ya kujua, kwa kuwa ameangalia bei tu, na bei imempendeza. Kenya walitunga kanuni mwaka 2016 kwamba vifaa kama friji na viyoyozi viwe na lebo inayoonyesha ulaji wake wa umeme. Ghana walikwenda mbali zaidi: kuanzia Januari 2013 walizuia kuingizwa kwa friji za mitumba, na wakaweka mpango wa mtu kurudisha friji lake chakavu na kupunguziwa bei ya jipya. Sisemi mzuie mitumba kesho asubuhi, maana friji jipya bado ni ghali kwa wengi. Anzeni na lebo, mshirikiane na TBS, shirika la viwango, kisha mpango wa kubadilishana ufuate. Hata sisi mafundi wa friji na umeme tungepata kazi humo.

Najua mtaniuliza pesa itatoka wapi. Shilingi 100 kwa uniti inabebwa na wateja wengine, na mkiwaongeza wapangaji wote wa mijini mapato ya T1 yatapungua. Ni swali la haki na silipuuzi. Majibu yangu ni mawili. Moja, unafuu huo mlishaukubali kwa kila Mtanzania mwenye matumizi madogo. Kumnyima mwenye matumizi madogo kwa sababu amepanga ni kumtoza kwa kosa la kutokuwa na nyumba. Pili, mtu wa uniti 30 akianza kupikia umeme atakuwa mtu wa uniti 50 au 60, na hizo ni uniti ambazo leo hamuuzi kabisa, zinakwenda kwa muuza mkaa. Mkiona pengo bado ni kubwa, basi ule mpaka wa 75 ulainishwe: atakayevuka aongezewe hatua kwa hatua, na shilingi 350 wailipe wenye viyoyozi vitatu ndani ya nyumba moja. Ila tafadhali msizibe pengo kwa kushusha kikomo. Kenya walikuwa na kikomo cha uniti 100 kwa bei ya chini, na Aprili 2023 wakakishusha hadi 30. Familia ya uniti 45 iliyokuwa ndani ikajikuta nje.

Kama kubadilisha nchi nzima kwa mara moja ni kugumu, chagueni mtaa mmoja. Mtaa mmoja wa Temeke au Mbagala, nyumba za kupanga mia moja, miezi sita. Andikisheni kaya, wekeni kikomo kwa kaya, fungeni mita ndogo zenye viwango katika nusu ya nyumba hizo, halafu mtangaze matokeo hadharani: matumizi yameshuka kiasi gani, makusanyo yamekuwaje, wangapi wameacha mkaa. Wakazi wataitika, maana hakuna jambo linalozungumzwa uani kuliko LUKU. Mafundi tupo, tunazijua nyumba, tunajua waya upi umechoka na mita ipi inahudumia milango mingapi. Nitapita na maofisa wenu nyumba kwa nyumba bila kudai posho.

Naomba jibu, hata likiwa la kukataa, mradi liwe na sababu zake na tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi umeme na mpangaji,
Temeke, Dar es Salaam